Kidole

Mjukuu wangu Muhannad ana miaka mitatu kasoro miezi miwili
na viatu bado vinamshinda: cha kulia hukitia kushoto
akaenda hivyo hivyo, kama bata, mpaka dukani.

Tulikuwa twenda kununua laban.
Mabela, saa kumi na moja jioni, kuta za nyumba
zatema joto zililolimeza tangu asubuhi.
Ubavuni mwa msikiti kuna sanduku la umeme,
rangi yake ya kijani imebabuka.
Zamani lilikuwa na picha ya fuvu. Jua limekwisha kulila lile fuvu,
limebakisha herufi tatu, nazo zimechoka.
Akanyosha mkono aguse.
Akaurudisha mwenyewe.
"Bibi," akasema, "hatari."

Nikamsimamisha kijana aliyekuwa akitoka kusali:
Mwanangu, pale pameandikwa nini?
"Khatar," akanijibu, akanitazama
kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi.

Nyumbani wanasema anajua rangi tu.
Baba yake hucheka: kopo la maziwa lina ng'ombe,
hata paka wetu angelisoma.
Basi nikamfunika ng'ombe kwa kiganja.
Nikamletea bahasha ya bili ya maji, haina picha wala pambo.
Sikusikiliza alichosema, ningejuaje kama ni kweli?
Nilimtazama jicho.

Anayekariri jicho lake hupaa.
Huenda darini, huenda dirishani,
huiwinda sauti aliyoisikia jana.
Anayesoma jicho hushuka. Huchimba.
Hukwama kwenye nukta kama mwiba kwenye kanga,
hurudi nyuma, hujaribu tena, midomo ikitafuna hewa.
La Muhannad lilishuka.

Hili nalijua mimi kuliko walimu wote wa mji huu.
Chuoni Wete nilikuwa na masikio makali,
Juzuu Amma yote iliingia kwa masikio,
na kidole kikatembea tu juu ya mistari
kama mtu anayepapasa kiberiti gizani.
Maalim akasema mashaallah. Nani angemkosoa?
Miaka sitini na moja kidole hiki
kimemdanganya marehemu mume wangu, kimewadanganya wanangu,
na wanawake wa khitma wa Mabela nzima,
wanaoniwekea mto nikae mbele.

Juzi Thuraya, mama yake, alikuja mbio na simu mkononi:
"Mama, kanitajia kibao cha Barka njia nzima ikiwa bado mbali!
Ngoja nimrekodi niwapelekee akina shangazi."
Nikamwambia, Amekariri, mwanangu. Mara ngapi mmepita pale?
Uongo huo nikauteremshia na tende.
Macho ya watu ni mengi, na mtoto ni mmoja.
Wakishajua, watamsimamisha juu ya kiti kila Ijumaa,
soma hiki, soma kile, mbele ya wageni na kahawa,
naye hajajua hata viatu.

Leo baada ya magharibi nimekaa na msahafu.
Akaja, akajipenyeza mapajani,
ana harufu ya ubani na makombo ya biskuti.
Nasoma Yasini. Sauti yangu ni nzuri bado, sijisifu,
inakwenda yenyewe kama maji ya falaji,
na kidole kinaifuata nyuma nyuma.

Akanyamaza kwanza.
Nikaliona jicho lake likishuka, likienda, likisimama,
likapanda kunitazama mdomo, likashuka tena.
Kisha akakishika kidole changu,
hiki kilichopinda kwa baridi yabisi,
akakipandisha mistari miwili
taratibu, kama mtu amwondoaye mdudu asimuue.

"Hapa, Bibi."

Sauti ikanikatika.
Thuraya akaita kutoka jikoni:
Mbona kimya? Anafanya nini huko?

Hafanyi kitu, nikasema.
Anachezea kidole changu.